Seli za Mama

Seli za ubongo hazinuki. Kwa hiyo fundi wa maabara alipoinua kifuniko cha kisahani na kusikia harufu ya mafuta ya karafuu, alimtazama mtafiti kwa jicho la utani.

"Dokta, leo umekuja na mama?"

Mtafiti hakucheka. Mama yake alijipaka mafuta hayo magotini kila asubuhi, na seli zile zilioteshwa kutoka kipande cha ngozi yake, kisha zikageuzwa kuwa za ubongo. Mama alikuwa anasahau. Binti alitaka kujua kama protini zinazotemwa na seli zake ndizo zinazomla ubongo, hivyo kila siku alifyonza majimaji ya zamani akayapima, akatia mapya. Sayansi safi, yenye wafadhili na cheti ukutani.

Ila kila alipofyonza, nyumbani mama alipungua. Mara jina la marehemu mumewe, mara namna ya kushika kijiko. Na kwenye vipimo ikazidi kupanda protini moja asiyoijua mtu.

Mdogo wake alichoka, akaleta mganga, mwanamke asiye na mbwembwe.

"Ana jini," mganga alinong'ona. "Lakini halimlii hapa. Kuna kipande chake mahali?"

"Dada," mdogo wake akasema polepole, "si ulimkata ngozi?"

"Ule ni utafiti."

"Basi uue huo utafiti. Isibaki hata chembe. Ikibaki, litakula kwa hasira," mganga akasema.

Adhuhuri, maabarani, mtafiti alifungua kisahani, na kutoka kwenye kitu kisichozidi kifuniko cha chupa ukapanda mvumo, ule ule aliobembelezewa mgongoni mwa mama, akamimina klorini huku mvumo ukigeuka kilio, kilio kinachomwita kwa jina la utotoni, mpaka majimaji yakanyamaza.

Aliporudi nyumbani, mama aliinua uso. "Mbona umekonda hivyo, mwanangu? Huli?"

Alilia mapajani pake kama mtoto. Simu ikaita.

"Dokta, mbona umeziua? Ila usijali," fundi akasema, "nilishazigawa, si ndiyo kawaida yetu? Maabara kibao, nchi mbalimbali. Wanasema hawajaona seli zenye afya hivi. Leo wote wanaanza kufyonza."

"Waambie waache!"

"Nitamwambia nani, Dokta? Na wao wameshawagawia wenzao."

Mama alimkamata mkono. Macho yake yaliruka huku na huku, juu ya bega la binti, ukutani, darini.

"Mwanangu," alinong'ona, "hawa watu wote wanaonifunua ni akina nani?"

Kisha akautazama mkono alioushika, akauachia taratibu, kama mtu aliyegusa kitu cha wenyewe.