Unene wa Anjelina Si Raha

Moshi wa majiko ulikuwa umetanda Mbagala. Margareta alitenga sinia la ugali na mchicha, akawaita watu wake. Mumewe Kornelio, mchonga vinyago, alinawa mikono huku nyusi zake zikiwa bado na vumbi la mpingo. Binti yao Anjelina akaketi ukingoni mwa mkeka.

Alipokata tonge tu, baba akaanza.

"Haya, pipa limefika! Ukizidi kunenepa nakurudisha Newala kwa bibi yako, ukalime!"

Kila jioni ni hayo hayo. Margareta yalikuwa yamemfika kooni.

"Baba Anjelina, mwache mtoto ale!"

"Ale nini tena? Huoni tumbo hilo?"

Wakafokeana. Anjelina akameza matonge bila kutafuna, akakimbilia chumbani. Huko alikuwa akificha sukari guru chini ya mto. Margareta aliijua siri hiyo, na ilimkera vilevile.

"Hodi kwenye ugomvi!"

Alikuwa Bi Somoe, jirani yao, muuguzi wa zahanati.

"Ndugu Kornelio, kelele zako nazila kila siku na wali wangu. Mtoto huyu ana hofu."

Kornelio akacheka. "Hofu? Mwenye mawazo hukonda, Bi Somoe! Huyu yumo rahani."

"Wapo wanaokonda, wapo wanaonenepa. Mtu akiogopa, mwili humwaga homoni kwenye damu. Hiyo ni kemikali ya kuuamsha mwili upambane au ukimbie. Hofu ikipita, hupungua. Lakini wewe humpi nafasi ipite! Ikizidi kwa muda mrefu, mtoto anaweza kupata hamu ya vitu vitamu, mafuta yakajaa tumboni. Hata usingizi unapotea."

"Kumbe mie ndiye ninayemnenepesha?"

"Unene una sababu nyingi. Hii moja imo kinywani mwako."

Margareta nusura apige makofi.

"Sasa nifanyeje?" Kornelio akauliza.

"Wakati wa kula, mdomo uufungulie ugali tu. Msimnyime chakula. Acheze, alale mapema. Na hiyo Newala isitajwe tena."

Kornelio akanuna. Lakini jioni iliyofuata maneno yalipomfika mdomoni, aliyameza pamoja na mchicha.

Miezi ikapita. Anjelina akarudi kuruka kamba na wenzake. Sukari guru haikuonekana tena chini ya mto. Gauni la shule lililombana likaanza kulegea kiunoni.

Jioni moja Kornelio alimsogezea mnofu wa samaki.

"Kula, mwanangu."

Anjelina akamtazama baba yake usoni bila woga.

"Nimeshiba, baba."

Margareta akashusha pumzi. Neno hilo hakuwa amelisikia kwenye mkeka ule tangu lini!