Kitambaa Juu ya Monita

Kila nilipotoka shule niliteremka moja kwa moja hadi dukani kwa baba, karibu na soko la Lushoto. Nilimwamkia baba, nikamwamkia dada Perpetua, mpiga chapa wetu, nikasukuma mkoba wangu chini ya kaunta, kisha nikaweka viganja vyangu juu ya monita vipate joto. Huku kwetu milimani, ukifika mwezi wa Juni ukungu huingia hadi mlangoni bila kubisha hodi. Mimi nilikuwa darasa la sita, na sweta langu lilikuwa la darasa la tatu. Mikono yake iliishia karibu na kiwiko.

Monita ni kile kisanduku chenye kioo ambapo maandishi ya kompyuta huonekana. Ya baba ilikuwa ya mtumba, nzito, kubwa kama kreti ya soda. Aliinunua Tanga pamoja na kompyuta yake mwaka alipopunguzwa kazi, shirika lao lilipouzwa kwa watu binafsi. Wenzake walinunua mabati na ng'ombe. Baba alisema sasa ni zama za soko huria na kila barua itapigwa kwa kompyuta. Walimcheka sana, halafu wakaanza kupanga foleni kwake na barua zao.

Juu ya monita ile palikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma. Kwetu redio haikai bila kitambaa, na mwenye televisheni huivalisha pia, kwa hiyo hakuna mteja aliyeshangaa. Kitambaa hicho alikifuma mama yangu. Pembe tatu alizimaliza, ya nne hakuimaliza, na uzi wake ulikuwa bado unaning'inia. Mama alifariki mwezi wa Aprili. Baada ya arobaini, baba alikitoa kitambaa kwenye kapu la mama, akakitandika juu ya monita na kusema, "Akae nasi kazini."

Mimi sikulia msibani. Mashangazi walinitazama wakanong'onezana. Moyo wangu ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu, unaugusa na hausikii kitu. Nilikula nilichopewa. Nilijibu nilipoulizwa. Mwalimu aliniambia, "Saumu, pole," nami nikasema, "Asante, mwalimu," kama niliyepewa chaki. Mahali pamoja tu nilisikia kitu, nacho ni juu ya kile kitambaa, kwa sababu kilikuwa na joto, na mikono ya mama ilikuwa na joto.

Mwezi huo wa Juni monita ikaanza kuzima.

Ilizima bila taarifa. Dada Perpetua alikuwa akiandika na ghafla kioo kikawa cheusi. Kompyuta yenyewe iliendelea kunguruma chini ya meza, lakini hakuna kilichoonekana. Baada ya dakika kumi au ishirini kioo kiliwaka tena. Siku nyingine hakikuzima kabisa.

Dada Perpetua alikuwa binti wa kutoka Mponde, kwenye mashamba ya chai. Wazazi wake walitoka mbali, Songea, wakaja kuchuma chai, naye alikuwa wa kwanza kwao kufanya kazi ya kukaa kwenye kiti. Alipenda utani. "Leo imefumba macho tena," alisema. "Labda maandishi yangu yanaiaibisha."

Baba hakucheka. Alibadilisha soketi. Alikaza waya. Alinunua kifaa cha kusawazisha umeme. Mwisho aligundua jambo moja, kwamba monita huzima zaidi siku za baridi.

"Mashine hii ilizoea joto la Tanga," alisema. "Inasikia baridi kama watu wa pwani."

Hapo alifanya jambo ambalo Mshambaa yeyote wa milima hii angelifanya, yaani alifunga dirisha na kuifunika. Siku za ukungu aliongeza kanga iliyokunjwa mara mbili chini ya kitambaa cha mama. Monita ikazidi kuzima.

Jumatatu moja nilibaki peke yangu dukani. Baba alikwenda kuswali alasiri, dada Perpetua alikwenda kuchukua chai. Kioo kilikuwa kimezima. Nilikitoa kitambaa pamoja na kanga, nikaficha uso wangu humo. Nilikuwa natafuta harufu ya mama, nikapata harufu ya vumbi la moto. Nilikaa hivyo kwa muda. Nilipoinua uso, kioo kilikuwa kinawaka.

Nikagusa juu ya monita. Palikuwa moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Nikaona pia matundu membamba, mengi, yaliyopangwa mistari mistari, ambayo siku zote tulikuwa tukiyaziba. Nilielewa pale pale. Haikuwa baridi, ilikuwa inakosa hewa.

Kisha nikaitandika kanga tena, na juu yake kitambaa, nikavuta pembe zote zikae sawa. Baba aliporudi sikumwambia kitu. Kama ningesema, angekiondoa, kingerudi kwenye kapu, na mimi ningebaki sina mahali pa kuweka mikono.

Wiki iliyofuata alikuja fundi Hezekia kutoka Tanga. Kabla ya kuanza kazi alikitoa kitambaa na kanga, akavikunja vizuri na kuviweka kwenye kiti. Alifungua, akapuliza vumbi, akafunga. Alikaza skrubu za waya. Alikaa tangu asubuhi hadi jioni, na monita haikuzima hata mara moja.

"Mzee Abubakari, mashine yako nzima," alisema. "Tazama, nimekaa nayo siku nzima."

Fundi alipoondoka, baba akairudishia nguo zake. Mimi nilitazama.

Kesho yake dada Perpetua alikuwa anamalizia katiba ya kikundi cha wakulima wa mboga wa Magamba, kurasa kumi na moja. Ukungu ulikuwa mzito, dirisha limefungwa. Kioo kikazima. Akiwa na wasiwasi, akabonyeza hapa na pale, mwisho akaizima kompyuta yote na kuiwasha. Katiba ikapotea, maana alikuwa hajaihifadhi. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa ameketi pale akiisubiri, akiwa amevaa koti lake la kwendea ofisini. Aliondoka bila kuaga.

Baba alimsindikiza kwa macho hadi akapotea kwenye ukungu. Kisha akasema, "Perpetua, binti yangu. Fundi akiwepo, haizimi. Wewe ukiwepo, inazima. Sijui unabonyeza nini, wala sina ubaya na wewe. Lakini Jumamosi urudi Mponde."

"Sawa, mzee," alisema dada Perpetua. Hakutania. Alichukua kitambaa kidogo akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

Nilijua ni nani aliyetakiwa kusema. Nilijua pia kwamba neno moja tu lingetosha. Sikusema, na kilichonitisha ni kwamba sikuona hata aibu. Nilisikia ganzi ile ile.

Ijumaa nilipotoka shule, dada Perpetua alikuwa anafunga vitu vyake kwenye mfuko. Aliniita.

"Saumu, lete hilo sweta."

Nilimpa. Akatoa mfukoni mikono miwili mirefu ya sufu ya buluu, aliyoifuma mwenyewe nyumbani jioni, akaishonea kwenye ile mifupi. Buluu yake haikulingana na ya sweta.

"Rangi haijakubali," alisema. "Lakini baridi haijui rangi. Vaa."

Nilivaa. Mikono ilifika hadi kwenye viganja. Nikamtazama akiuma uzi kwa meno, mtu aliyekuwa anafukuzwa kwa kosa langu, na kitu kikaniuma kifuani. Kiliniuma kweli, kama mguu unapoanza kuamka.

"Baba," nilisema. "Si dada Perpetua. Ni kitambaa."

Baba aliinua macho. "Kitambaa gani?"

"Cha mama. Monita inapata joto. Tukiifunika inazima."

"Joto?" alisema. "Katika Lushoto hii?"

"Jaribu, baba."

Tukajaribu. Tulifunga dirisha, tukaitandika kanga na kitambaa, tukakaa watatu kwenye benchi tukitazama kioo kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Baada ya nusu saa kikazima. Baba mwenyewe akaondoa nguo zile, akafungua dirisha. Ukungu ukaingia. Muda si mrefu kioo kikawaka. Akaifunika mara ya pili, ikazima. Akaifunua, ikawaka.

Akaweka kiganja chake juu ya matundu, akakiondoa haraka.

"Umejua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Ukanyamaza hata nilipomwambia Perpetua aondoke?"

"Ndiyo, baba. Nilijua utakiondoa."

Nilingoja anigombeze. Baba alimgeukia kwanza dada Perpetua. "Nimekukosea, binti yangu. Nilihukumu kabla ya kujua. Kama utaweza kunisamehe, Jumatatu kiti chako kipo."

"Nimekusamehe, mzee," alisema. "Ila katiba ya Magamba tutaanza ukurasa wa kwanza."

Kisha baba akaketi karibu nami. Kitambaa kilikuwa mapajani mwake, na kidole chake kilikuwa kinacheza na ule uzi wa pembe ya nne.

"Saumu, nitakuambia jambo. Mama yako aliumwa tangu mwezi wa Ramadhani. Alinyamaza, hakutaka kunisumbua. Alipotetemeka usiku nilidhani ni baridi, kumbe ni homa. Nikamfunika. Akatetemeka zaidi, nikaongeza blanketi. Tulipofika hospitali, daktari aliuliza kwa nini tumechelewa." Aliuzungusha uzi kidoleni. "Mtu anayejua ukweli akiuficha, hata anayempenda humtibu kwa kubahatisha. Nimebahatisha kwa mama yako, nikabahatisha kwa mashine, na nusura nimpoteze Perpetua. Ukijua jambo, liseme mapema, hata kama litakunyang'anya kitu. Mimi usininyamazie, mwanangu. Sitaweza mara ya pili."

Hapo ndipo nililia. Nililia kwa sauti, mbele ya mlango wazi, watu wa sokoni wakipita na matenga ya mboga. Baba hakuniambia ninyamaze. Dada Perpetua alinifuta uso kwa mkono mpya wa sweta.

Katiba ya Magamba ilikwisha wiki iliyofuata bila kioo kuzima. Mwenyekiti alirudi na koti lake, akasoma kurasa zote kumi na moja akiwa amesimama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kitambaa cha mama kilihamia kwenye mgongo wa kiti cha baba. Pembe ya nne nimeimaliza mimi mwenyewe kwa sindano ya mama, dada Perpetua akinielekeza. Imejikunja kidogo, wala haifanani na zile tatu.

Wateja huuliza kwa nini siku hizi mashine imeachwa uchi kwenye baridi hii.

"Iacheni," baba huwajibu, kisha hunitazama. "Inapumua."