Chupa za Bibi

Jumamosi asubuhi Rosnani alifungua kabati la joto la maabara, akapigwa na harufu ya tambuu. Hakuna aliyewahi kutafuna tambuu ndani ya maabara ile ya mji wa Kota Bharu. Mtafunaji alikuwa bibi yake, na bibi alikuwa kaburini mwaka wa pili sasa.

Kilichobaki cha bibi kilikuwa mle kabatini, kwenye chupa kumi na mbili. Zilikuwa seli za uvimbe wake, na Rosnani, fundi wa maabara, alizilisha maji ya damu ya ndama kila baada ya siku mbili, iwe sikukuu, isiwe sikukuu. Ukoo wao ulirithishana kasoro: DNA yao ikikatika, mwili hauwezi kuiunga. Kasoro hiyo ilimpa bibi saratani ikamuua, na sasa ilikuwa inammaliza mdogo wake Rosnani aitwaye Hayati, aliyelazwa jengo la pili la hospitali hiyohiyo. Dawa ya kumfaa Hayati ingejaribiwa kwenye seli hizo tu.

"Dada Ros, njoo uone vioja!" Swee Lan, mwenzake wa kazi, aliita bila kuondoa jicho kwenye darubini. "Jana nimezipiga mionzi mpaka DNA ikawa vipandevipande. Leo imejiunga yote!"

"Umechanganya chupa. Njaa hiyo."

"Njaa yako! Mie nimeshaweka sahani mbili za wali wa nasi dagang tumboni."

Akacheka, akaingiza mkono kabatini kutoa chupa nyingine. Mlango ukamfungia mkono. Ukafunguka, ukafunga tena kwa nguvu, na tena, mpaka mfupa ukalia. Damu iliyoruka kwenye kioo haikuchuruzika. Ilifutika juu kwenda chini, kana kwamba ulimi unaipitia. Kisha mkono uliovunjika ukajiunga machoni pa Rosnani, na Swee Lan akageuka akasema kwa sauti ya bibi, "Nina njaa."

Rosnani alimpigia simu Pak Su Deraman, mganga aliyemuuguza bibi. Mzee alifika na pikipiki, akamtupia Swee Lan jicho moja tu, akamvuta Rosnani pembeni.

"Bibi yako alifuga saka, jini la ukoo," alinong'ona. "Tulidhani limekufa naye. Kumbe umeiweka hai nyama yake, na damu unalipa! Mwagia jiki chupa zote. Lisibaki hata tone."

"Na Hayati je, Pak Su? Bila hizi hana dawa."

"Binti, mwenzako anakufa!"

Rosnani akamwaga. Kila chupa ilipomwagiwa, Swee Lan alirushwa ukutani, akavunjika mbavu, zikajiunga, zikavunjika tena upande mwingine, naye akilia kwa sauti yake mwenyewe, "Dada, nakufa, dada," huku kucha zake zikichimba koo lake na Pak Su akimning'inia mikononi, akisoma dua, mpaka chupa ya kumi na mbili ikaisha na kucha zisiache kuchimba.

"Zote?" Pak Su alifoka. "Una hakika ni zote?"

Rosnani alitazama pipa la baridi kali. Chini kabisa mlikuwa na kichupa kimoja cha seli za bibi kilichogandishwa, alichokijua yeye peke yake. Alimpenda Swee Lan, miaka sita wamekula pamoja. Hayati alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nywele zilikuwa zimemwisha.

"Zote, Pak Su."

Shingo ya Swee Lan ikageuka taratibu, uso ukaangalia mgongoni, ikavunjika. Safari hii haikujiunga.

Pak Su alimwacha chini, akainuka. "Jini la ukoo halihamii kwa mtu mpaka akubali kulitunza," alisema. "Umeficha nini, binti?"

Rosnani alitaka kulia kwa aibu. Mdomo wake ukafunguka wenyewe, na sauti ya bibi ikatoka humo, tulivu kabisa.

"Hayati tutamponya. Funga mlango, Deraman. Kwanza nile."