Mgeni wa Shimo la Tatu

Shimo la tatu lilitoa udongo mkavu, ingawa nao ulinuka. Tekla aliusugua kwa vidole vya glavu, akashangaa kidogo, kwa sababu mashimo mawili ya kwanza yalitoa tope jeusi linalonuka dizeli, na hili lilikuwa katikati ya hayo, hatua chache tu kutoka kwenye tangi lililozikwa. Aliandika "mkavu" kwenye fomu, akaendelea na kazi.

Yadi hiyo ya Mbagala ililaza malori kwa miaka thelathini, mpaka kampuni ilipofungwa. Sasa mwenye kiwanja alitaka kujenga nyumba za kupangisha, na maabara ilimtuma Tekla apime sumu iliyobaki ardhini. Mchimbaji wake alikuwa Badru, mtu wa Kigamboni, mwingi wa mzaha. Huu ulikuwa mwaka wao wa nane kazini pamoja.

Saa nne asubuhi, Badru ameinama anakaza bomba la shimo la tatu, mgongo kaupa geti, sauti ya mwanamke ilisema, "Hodi."

"Karibu," Badru akajibu bila kuinua kichwa, kama alivyojibu maisha yake yote. "Karibu mama, pita tu. Leo chai umeichelewesha."

Tekla alitazama getini. Mnyororo ulikuwa umefungwa. "Badru, unaongea na nani?"

"Si yule mama wa chapati?"

"Hakuna mtu."

Badru alilitazama bomba. Akacheka, ila si sana. "Basi nimekaribisha upepo."

Kesho yake kipimo cha mvuke wa mafuta kilianza kulia kabla hawajafungua shimo lolote. Tekla alikizima, akakiwasha tena. Kililia Badru alipokaribia, kikanyamaza aliposogea, na alipofungua mdomo kuuliza kuna nini, namba zilipanda mpaka zikagota.

"Umekunywa nini?"

"Maji. Mie tangu jana nakunywa maji tu, na hayafiki." Alisema hivyo kama mtu anayesoma tangazo la msiba wa watu asiowajua.

Mchana alilishika birika la chai ubavuni, likiwa bado motoni. Tekla aliuvuta mkono wake, ngozi ikabaki kwenye bati.

"Inauma?"

Badru aliutazama mkono. "Inatakiwa kuuma?"

Jioni mkewe, Raudha, alipiga simu, akinong'ona. "Dada Tekla, mume wangu kalala sakafuni bafuni. Uso kauweka kwenye tundu la maji machafu, anaongea na watu humo. Anawaambia wasubiri."

Siku ya tatu asubuhi Raudha alimleta Badru yadini, pamoja na shangazi yake, Bi Mwanaheri, ambaye watu wa kwao humwita akatoe majini. Bi Mwanaheri alisema kazi ifanyike palepale mgeni alipoingilia. Akamkalisha Badru kando ya shimo la tatu, akamfunika shuka jeupe, akachoma ubani, na moshi wa ubani ukapanda kidogo kisha ukageuka, ukashuka taratibu kama maji yanayotafuta mfereji, ukaingia mdomoni mwa bomba, ukaendelea kuingia, mpaka Tekla, ambaye hakulelewa na mambo hayo wala hakuwahi kuyacheka, akahisi moyo wake umetulia kupita kiasi, kana kwamba hofu yenyewe imemchoka ikaondoka.

"Asalaam aleikum, mgeni," Bi Mwanaheri alisema. "Nani kakuruhusu?"

"Mwenyewe kanikaribisha." Sauti ya mwanamke ilitoka chini ya shuka.

Bi Mwanaheri akamgeukia Raudha, akanong'ona. "Hapo pagumu. Aliyevamia ningemfukuza. Aliyekaribishwa anaombwa." Kisha kwa sauti, "Unataka nini, mama?"

"Majumbani mnapomwaga maji ya moto mnasema bismillahi, tupishe. Hapa walimwaga oili chafu ya moto miaka thelathini, juu ya wanangu, na hakuna aliyesema. Nimechoka. Nataka udongo usionuka. Nikiukosa, nakaa humu."

Shuka lilikuwa likiinuka mara moja pale wao walipopumua mara tano. Kisha mara sita.

"Dada, mwambie," Raudha alimshika Tekla mkono. "Wewe ndiye unayeijua ardhi. Anakufa."

Tekla alikuwa anajua. Kabla ya kupima ardhi mbovu, sharti upime nzima, ili uwe na cha kulinganishia. Jumatatu, kabla ya kugusa yadi, walichimba shimo la namna hiyo upande wa pili wa ukuta, kwa ruhusa ya mwalimu wa shule ya awali, na udongo wake ulitoka mwekundu, unanuka mvua. Mtaa mzima hakupata mwingine kama huo. Alitafuta kichwani mahali pengine, akakosa, na watoto walikuwa wakiimba herufi.

"Nyuma ya ukuta," alisema. "Karibu na bembea."

Badru alipiga yowe, akaukumbatia mkono ulioungua, na Raudha akalia kwa furaha ya kusikia kwamba unauma.

"Kaenda," alisema Bi Mwanaheri, akikunja shuka. "Umempeleka wapi, mwanangu?"

Tekla aligeuka kuutazama ukuta. Wimbo ulikuwa umekatika. Nyuma ya ukuta mwalimu alikuwa akiwahesabu watoto. Akafika mwisho, akarudia tangu moja. Kisha sauti yake ikavuka ukuta, ya upole kabisa.

"Na nyie, wanangu, nani kawaleta? Mbona miguu imeungua hivyo? Haya njooni, njooni mkae na wenzenu."