Nilimsingizia Mtoto wa Kaka Yangu Mashetani

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tatu, mkazi wa Bagamoyo, mke wa mtu na mama wa binti mmoja. Ndugu wasomaji, naandika huku nalia. Mkinilaani, mna haki.

Kaka yangu ni mkulima wa Msata. Alimleta kwangu bintiye Zuhura asome sekondari pamoja na Nasra wangu. Siku ile alinishika mkono akasema, "Dada, huyu sasa ni wako." Nikaapa kwamba watoto hawa watakula sahani moja.

Sahani ilikuwa moja kweli... lakini kazi je? Jioni nauza chapati na maharage mbele ya nyumba. Masomo yakiisha, Nasra alibaki shuleni kucheza mpira wa pete, kavaa raba zake nzuri. Zuhura alirudi mbio kukanda unga. Nasra sikutaka anuke moshi. Zuhura nilimwambia kazi ndiyo malezi!

Siku moja mwalimu wao wa michezo, dada mpole sana, akaja nyumbani. Alikuwa amemwona Zuhura akicheza peku wakati wa mapumziko, na hakuna aliyemfikia. Aliomba nimruhusu abaki mazoezini jioni, achezee timu ya shule. Nafasi ilikuwa moja, na Nasra alikuwa akiililia.

Ningesema nini? Kwamba wangu acheze na wa kaka akande unga? Niliona haya! Ulimi hauna mfupa, wasomaji. Nikashusha sauti: "Mwalimu, huyu mtoto ana mashetani ya kwao. Akikimbia sana hupandisha."

Uongo mtupu! Zuhura hajawahi hata kuweweseka. Lakini pwani yetu hii, neno kama hilo nani atalihoji? Mwalimu alishtuka, akaaga. Nasra akapata nafasi, nami nikapika pilau.

Neno likasambaa shule nzima. Wenzake wakamhama dawati. Wakakataa kunywa maji kwa kikombe alichoshika. Zuhura akaacha kucheka, akaacha kula. Mimi nikasema ni umri tu...

Mtihani wa kidato cha pili ulipokaribia, wasichana watatu walianguka mstarini wakipiga mayowe. Wote walitaja jina moja. Zuhura! Wazazi tukaitwa. Wenzangu wakapiga kelele kwamba ndiye aliyeleta mashetani shuleni, aondolewe akatibiwe kwanza.

Nilikuwa nimekaa pale pale. Sentensi moja tu ingemwokoa. Sikuisema!

Nilifanya baya zaidi. Ili watu wasinishuku, nilimwita mganga na wapiga ngoma wake waje kumpunga. Wakamfunika shuka nyeupe, wakafukiza ubani, wakapiga ngoma. Nilimsikia chini ya shuka akilia, "Shangazi, mimi sina kitu. Waambie!" Nami, shangazi mtu, nikapiga makofi na kuitikia nyimbo. Mungu wangu, ni moyo gani ule niliokuwa nao?

Alirudi Msata, hakufanya mtihani. Sasa anauza mahindi ya kuchoma kwa abiria wa mabasi. Nasra naye aliuacha mpira muhula uliofuata, eti umemchosha.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nikaenda Msata, nikapiga magoti, nikamwambia kaka yangu kila kitu mbele ya bintiye. Kaka hakunitukana. Alitoka nje, akakaa huko mpaka nikaondoka. Hilo liliniuma kuliko kofi.

Nikamsihi Zuhura arudi shule, nitamlea upya. Akanijibu kwa adabu ile ile: "Ahsante, shangazi. Lakini siku hizi na mimi naamini ninayo. Nikikimbia kidogo moyo unaenda mbio, najua yanakuja."

Nilimwapia kwamba nilidanganya. Akanitazama kwa huruma, akasema eti mganga ndiye aliyeniambia niseme hivyo ili yeye apone.

Wasomaji wenzangu, mnaolea watoto wa ndugu, mtoto wa nduguyo naye ni mtoto. Naye anataka kucheza jioni, ashangiliwe, arudi nyumbani amechoka kwa furaha. Kama humtaki mazoezini, sema unamtaka jikoni, uaibike wewe. Usimtwishe yeye uongo wako!

Nimeomba nafasi kwenye mkutano wa wazazi. Nitasimama mbele ya wale wale. Wao huenda wakanisadiki... Zuhura ameshakataa.