Mlio Usiofuata Mguu

Ekzosi inayovuja ina tabia moja ambayo fundi yeyote atakuapia: mlio wake hufuata mguu. Kanyaga mafuta, nao unakimbia. Achia, nao unatulia. Lakini gari la Vishindo, asubuhi ile ya baridi, lilikuwa likigonga to, to, to, likinyamaza kidogo, kisha to, to, to tena, na wakati huo mguu wa Vishindo ulikuwa umekanyaga mpaka chini. Injini ilinguruma kuamsha mtaa mzima. Ile to, to, to haikuharakisha hata kidogo.

Fundi Sikio akamwashiria aachie. Jina hilo alipewa na wateja, maana gerejini kwake hapakuwa na mashine ya kupimia. Palikuwa na kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono, ambacho ncha moja aliichomeka kwenye sikio lake la kulia na ncha nyingine akaitembeza juu ya injini, na popote penye kasoro pakajisema penyewe. Watu walitoka mbali kuja kuazima sikio lile. Alijivunia, na kwa nini asijivunie? Mke wake, mshonaji, alizoea kumtania kwamba siku akifa watamzika, ila sikio watalibakiza kwa matumizi.

Vishindo alikuwa shemeji yake, mdogo wa huyo mke, mtu mzima na ndevu zake lakini mpenda kelele kupita kiasi. Ndiye aliyeleta yale mabomba. Hakuyataka ya kiwandani yanayotoa moshi ubavuni mwa injini. Alitaka manne marefu, ya kutengenezwa pembeni, yanayojipinda na kukutana chini kuwa moja, ili gari lingurume. Aliyapata kwenye lundo la vyuma chakavu. Muuzaji alimwambia yametoka kwenye gari lililoungua, na kwamba dereva wake hakuonekana, hata mfupa. Vishindo alilisimulia hilo huku akicheka. Fundi alinung'unika tu kwamba rahisi ni ghali, akayafunga.

Sasa yalikuwa yanagonga, na kwa siku mbili fundi alifanya yote anayopaswa kufanya mtu mwenye akili zake. Alikaza bolti upya, maana moto huzilegeza. Alibadili gasketi. Aliziba mdomo wa ekzosi kwa tambara bichi ili pumzi irudi nyuma na kujitokeza penye tundu; haikujitokeza. Alipaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo akitafuta povu. Alitafuta masizi, kwa sababu moshi ukipenya mahali huacha alama nyeusi pembeni mwa ufa, na alama hiyo haidanganyi. Hakuona ufa wala masizi. Alichomoa waya za plagi moja moja, silinda zikanyamaza moja moja, na ile to, to, to ikaendelea. Mwisho akazima injini kabisa, na katika kimya kile ikagonga mara tatu nyingine, bila haraka.

Hapo ndipo mtu angefunga gereji akaenda zake. Lakini hawa walikuwa mashemeji, na utani wa mashemeji hauna breki. Vishindo, ambaye kwa kweli midomo ilikuwa imempauka, akajitia mcheshi.

"Shemeji, hiyo si kuvuja. Huyo anabisha hodi. Mwitikie basi, mbona huna adabu?"

Fundi alikuwa ameinama, mpira sikioni, ncha ya pili ikigusa bomba la tatu. Akacheka kwa pua.

"Karibu," akasema. "Pita ndani."

Kugonga kukakoma. Fundi alihisi joto likipanda ndani ya mpira taratibu, kama mtu anapokusogezea mdomo akitaka kukunong'oneza, na likaja na harufu ya nywele zilizoungua, kisha hapakuwa na kitu. Akachomoa mpira, akajikuna sikio. Walisubiri. Gari likawashwa, likanguruma vizuri, halikugonga tena siku ile wala kesho yake, na Vishindo akaondoka akipiga honi. Fundi akasema ni gasketi tu, ilikuwa haijakaa sawa. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mteja aliyefuata alikuwa mwoka mikate wa barabara ya pili, ambaye mashine yake ya kukandia unga ilikuwa ikilalamika. Fundi alikwenda, akaegemeza sikio kwenye mota, akasikia to, to, to kwa mbali. Akakaza hiki na kile, akaondoka. Asubuhi ya tatu mwoka mikate akaja gerejini kumweleza, bila hasira, kwa mshangao tu, kwamba tangu siku ile mashine ilikuwa ikipata joto hata ikiwa imezimwa, na kwamba leo amekuta vyuma vyote vimeshikana kuwa donge moja na unga uliokuwamo umekuwa mkaa. Fundi alipokuwa akimsikiliza, lile joto likamrudia sikioni. Alijikuna akaomba radhi.

Alikuwa na mazoea, akirudi kazini, ya kulaza kichwa kifuani mwa mkewe kabla hata ya kunawa. Mkewe alikuwa akimlalamikia grisi kwenye gauni huku amemshika kichwa asiondoke. Waliishi hivyo miaka kumi na mmoja. Hawakujaliwa mtoto, walijaliwa hilo, na fundi alimpenda yule mwanamke kuliko kitu chochote alichowahi kukigusa. Jioni ile alilaza kichwa kama kawaida, akausikia moyo wa mkewe, na chini ya moyo, mbali kidogo, akasikia to, to, to.

Alijiambia ni uchovu. Lakini kesho yake cherehani haikulia. Mkewe alikuwa amekaa kitandani, mkono kifuani, akisema anahisi joto hapa, si homa, ni joto tu, kama amemeza chai kabla haijapoa. Asubuhi iliyofuata hakuinuka. Chumba kilinuka nywele zilizoungua ingawa hakukuwa na moto popote, na kila mkewe alipotoa pumzi fundi aliona kitu chepesi, cha kijivu, kikipanda na kupotelea darini, na alipoinama kumfuta midomo kwa kidole gumba, kidole kikarudi cheusi, akakitazama, akakisugua, akakinusa, na mikono yake iliyojua masizi kuliko ilivyojua maji ikamwambia kabla kichwa hakijakubali kwamba hii ndiyo ile alama aliyoitafuta siku mbili kwenye chuma asiione, na kwamba mashine ya mwoka mikate ilidumu asubuhi tatu, na hii ya leo ni ya pili.

"Kuna nini mdomoni?" mkewe akauliza, sauti imekwisha.

"Hakuna. Vumbi tu, mwenzangu. Pumzika."

Vishindo ndiye aliyekwenda kumleta Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mganga aliyekaa ghorofa ya tatu juu ya duka la matairi, na watu walimwita hivyo kwa sababu alimsema kila mtu kana kwamba alimlea. Alifika akihema, mfuko wa sokoni mkononi. Vishindo alikuwa ameshawasha ubani. Shangazi akamnyang'anya, akauzimia kwenye ndoo ya maji.

"Moshi ndio nyumba yake. Unamtandikia kitanda?"

Akaushika mkono wa mgonjwa kwa muda mrefu. Akamgeukia fundi na kumuuliza, kwa sauti ya chini, nani alimkaribisha. Fundi akasema ni yeye, lakini alikuwa anatania.

"Yeye hajui utani," akasema Shangazi. "Umemkaribisha, basi wewe ndiye mwenyeji wake. Anapita kwa sikio lako; popote unapoliegemeza ndipo anapoingia. Akishapachoma pale, anarudi kwako umpeleke kwingine."

Fundi akaomba amtoe. Akamwomba kwa magoti, na machozi yakimtoka mbele ya shemeji yake bila aibu. Shangazi akamwambia kumtoa hawezi, huyu ni mkubwa. Ila anaweza kumfungia. Fundi amwite arudi sikioni, naye atamziba humo humo kwa nta. Sikio hilo halitasikia tena kitu chochote cha dunia hii.

Vishindo alimtazama shemeji yake, kwa kuwa alijua, kama mtaa mzima ulivyojua, kwamba sikio lile ndilo gereji yenyewe. Fundi hakufikiri.

"Ziba," akasema.

Akalaza kichwa kifuani mwa mkewe kama alivyofanya kila jioni kwa miaka kumi na mmoja. Ngozi ilimuunguza shavu. To, to, to, sasa ilikuwa karibu, ilikuwa pale pale nyuma ya mfupa, na fundi akanong'ona neno lile lile alilolisema gerejini, safari hii bila utani, na joto likaja, likaja kwa wingi, likamjaa kichwa mpaka macho yakaona wekundu, akasikia sauti ya moto unaovutwa na upepo na ndani ya moto mtu akicheka kwa pua, na kabla hajapiga kelele Shangazi akamgeuza kichwa kwa nguvu na kumwagia nta. Mkewe akakohoa makohozi meusi kama oili chafu. Kisha kifua chake kikapoa, akalala usingizi wa mtu mzima wa afya.

Shangazi alipokuwa akiondoka alimwambia fundi amweleze mkewe kila kitu, leo hii hii, asimfiche hata neno. Fundi akaahidi.

Hakumweleza. Alimwona ameamka, amekula, anamtania tena, akaona amwambie nini? Kwamba amepoteza sikio kwa ajili yake? Kwamba aliyetaka kumchoma yumo nyumbani, kichwani mwa mumewe? Angelia, na baadaye angemwogopa, na hilo la pili fundi asingeliweza. Akasema sikio lilitunga usaha, daktari akaliziba. Mkewe akaamini.

Wateja walipungua, si wote. Alijifunza kupapasa vyuma kwa vidole na kuhisi mtetemo. Yale mabomba Vishindo aliyarudisha kwenye lundo la vyuma chakavu. Nyumbani fundi alilala upande wa kulia, sikio limekandamizwa kwenye mto, na mkewe alipolalamika kwamba siku hizi halazi kichwa kifuani kwake, alisingizia shingo. Ndani ya nta kuligonga kwa wiki kadhaa. Kisha kukaacha kugonga, na fundi akafurahi, mpaka siku moja akiwa chini ya gari alipoisikia sauti humo ndani ikijaribu neno, kama mtoto anayejifunza kusema, ikilikosea, ikilirudia. Ilikuwa sauti yake yeye. Neno lilikuwa "mwenzangu."

Tangu hapo hakupumzika. Sauti ililisema neno hilo mchana kutwa, kila siku vizuri zaidi, kwa upole ule ule aliotumia yeye, na fundi akakonda, akawa anashtuka hovyo, usiku halali, mchana anasinzia popote anapokaa. Mkewe akawa na wasiwasi. Alidhani ni usaha umerudi.

Alasiri moja ya mapumziko fundi alipitiwa na usingizi kwenye kochi. Aliamshwa na uzito mdogo begani. Mkewe alikuwa ameinama juu yake na kitambaa safi mkononi, akitaka kufuta nta iliyolainika kwa joto la mchana, na kana kwamba amesikia kitu humo alikuwa amesogea sana, shavu lake kwenye shavu la mumewe, sikio kwa sikio. Fundi alitaka kuruka. Mkewe akamwekea mkono kifuani, taratibu, kama anayemwambia mtu atulie kwanza, asikilize. Fundi akaubana mdomo wake kwa nguvu zake zote ili amwonyeshe kwamba si yeye, kwamba hajasema kitu, lakini mkewe hakuwa akimtazama mdomo. Alikuwa ameinua uso, na uso wake ulikuwa na furaha ya mwanamke ambaye mumewe alimnyima neno jema kwa muda mrefu na leo amemkumbuka.

"Abee," akaitika.