Fundo la Mjane

Katika vituo vyote vya polisi vinavyouzunguka mlima wetu unaofuka moshi, hajatokea mpelelezi hodari kama Inspekta Pramuji. Kesi ishirini alizopewa, ishirini alizimaliza. Haya, tuseme kumi na saba. Na tisa kati ya hizo zilikuwa za kuku, na kuku watano walirudi wenyewe.

Lakini hii ya ishirini na moja ilikuwa ya farasi.

Banda lilikuwa tupu. Kamba ilikuwa imefunguliwa, haikukatwa. Mlango ulikuwa umerudishiwa taratibu, kama afanyavyo mtu anayetoka chumbani kwa mgonjwa aliyelala. Inspekta alichutama, akapima alama za kwato kwa uzi, akaandika: kwato nne, moja inaburuzwa.

"Ni Kliwon huyo," alisema Bi Ngatemi, mwenye banda, mikono kiunoni. "Goti la mbele limekwisha. Miaka ishirini anabeba wageni wa hifadhi, kutoka maegeshoni mpaka chini ya ngazi za kreta. Siku hizi ni wageni wanaombeba yeye."

"Mlikuwa na mpango gani naye?"

"Kesho saa sita mchana linakuja lori la mnunuzi wa nyama. Tumeshapatana. Anaondoka na huyu, ananiachia farasi kijana."

"Na mzee amekubali?"

Bi Ngatemi akamtupia jicho mumewe. Mujono alikuwa amesimama kando, anakunja ukingo wa kofia yake ya sufu, anaukunjua, anaukunja tena.

"Huyu? Huyu hajakataa kitu tangu tuoane. Kukubali nako hajakubali. Mtafute farasi wangu, Afande, na umpate kabla ya lori!"

Hapo ndipo kazi ilipoanza kumkera Inspekta. Kumpata mwizi ni kumpata Kliwon, na kumpata Kliwon ni kumpandisha lorini. Nusu ya watoto wa wilaya walipigwa picha yao ya kwanza juu ya mgongo wa farasi yule. Binti wa Inspekta alikuwa mmojawapo, analia.

Jioni ukaja ushahidi. Mwalimu mmoja kutoka bondeni, mgeni wa hifadhi, alifika kituoni amejifunika mablanketi mawili, simu mkononi.

"Nilikuwa napiga picha ya macheo," alisema. "Akapita huyu mama na farasi wake. Nikasema, jamani, uzuri gani huu! Kumbe ni wizi."

Katika picha, ukungu ulikuwa umelala juu ya Bahari ya Mchanga, ule uwanda wa majivu chini ya mlima, nyuma kreta inafuka. Katikati, mtu mwenye saruni ya kike ameipa kamera mgongo, anaongoza farasi anayechechemea.

Bi Ngatemi alipoitwa aliinyakua simu. "Hilo ni fundo la mjane!"

"Una hakika?"

"Afande, kwetu huulizi kama mwanamke ana mume. Unatazama saruni yake imefungwa vipi. Ya mjane fundo hukaa nyuma."

Mjane wa jirani alikuwa mmoja tu, Bi Karsi. Asubuhi ya pili Inspekta alimkuta anaota moto jikoni.

"Jana alfajiri ulikuwa wapi, Bibi?"

"Kitandani."

"Na nani?"

"Inspekta! Unanitakia mema."

"Una shahidi?"

"Magoti yangu haya. Siku nikiivuka Bahari ya Mchanga kwa miguu, mwanangu, usinikamate. Nitangaze redioni."

Inspekta akampa simu. Bi Karsi akaishika mbali, akaisogeza karibu. Kicheko kikafutika usoni mwake.

"Hili si langu. Mimi nazungusha mara moja. Hili limezungushwa mara mbili, ncha ikafichwa ndani. Alikuwa akifunga hivi Tumari peke yake. Mtoto mgongoni, jembe mkononi, hakutaka limfunguke."

"Yuko wapi?"

"Makaburini, mwaka wa kumi na mbili huu."

"Na mtoto?"

Bi Karsi akasukuma kuni motoni. Akazisukuma tena, ingawa zilikuwa zinawaka vizuri.

"Basi andika ni mimi. Nilimwiba, nikampeleka kusini, msituni."

"Nyayo zinaelekea kaskazini, Bibi. Tena za buti la mpira, namba arobaini na mbili."

Bi Karsi akaitazama miguu yake, midogo kama ya msichana. "Nilivaa soksi nyingi," alisema.

Mtoto wa Tumari alikuwa shambani kwake, katikati ya kabichi.

"Mzee Mujono, buti lako namba ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Saruni ulitoa wapi?"

"Ya mke wangu." Hakukimbia. Alilaza jembe chini kwa adabu. "Nilidhani wakiona mwanamke, hawatanifikiria mimi."

"Na fundo la mjane? Ulitaka kumsingizia Bi Karsi?"

Mujono alishtuka. "Fundo gani?"

Inspekta akamwonyesha. Mujono akaitazama ile picha mpaka mwanga wa simu ukazimika wenyewe.

"Baba alikufa mimi sijaanza kutambaa," alisema. "Nilipokua kidogo, mama akawa ananisimamisha juu ya kigoda nimfunge saruni, maana mikono yake ilikuwa na kazi. Fundo jingine sijawahi kufunga maishani. Jana mikono ilijifungia yenyewe."

"Na Kliwon?"

"Mama alimlea kwa chupa. Siku ya mwisho aliomba farasi aletwe dirishani. Mimi nilikuwa nimeshaketi pale tangu asubuhi, Inspekta, lakini aliomba farasi." Akacheka kidogo, akajifuta pua. "Nilimwambia nitamtunza."

"Kwa nini hukumwambia mkeo?"

"Ana haki. Tunahitaji farasi mzima. Mtu mwenye haki unamwambia nini?"

Walikwenda watatu hadi ghala kuukuu la viazi, upande wa kaskazini. Saa tano ilishapita. Njia nzima Bi Ngatemi aliwafokea wote wawili, na jua pia.

Kliwon alikuwa ndani, na majani mbele yake na blanketi mgongoni.

"Kisheria farasi ni wenu wawili," alisema Inspekta. "Lori liko maegeshoni. Semeni."

Mujono alikunja kofia. Akaikunjua.

"Haendi," alisema.

"Ala!" Bi Ngatemi akageuka. "Kumbe ana sauti!"

"Blanketi ulileta wewe, Mzee?" aliuliza Inspekta.

"Mimi nilileta majani tu."

Wote wawili wakamtazama Bi Ngatemi.

"Msinitumbulie macho. Mimi hapa sijawahi kukanyaga, na huyo kikongwe tangu juzi sijamtia machoni."

Kliwon aliinua kichwa. Akampita Mujono, akachechemea hadi kwa Bi Ngatemi, akazamisha pua kwenye mkunjo wa saruni yake bila kupapasa, kama mtu anayefungua kabati lake mwenyewe. Akaibuka na karoti. Nusu ikaanguka, Inspekta akaiokota. Ilikuwa imechemshwa, laini kama ya mtoto anayeota meno, maana Kliwon hakuwa tena na ya kutafunia.

"Hicho ni chakula changu cha mchana," alisema Bi Ngatemi, na Kliwon akaingiza pua upande wa pili.